Shikamoo Hii Imepotea Njia

Wazee wetu wameanza kuwaamkia vijana na hatushtuki. Nimeliona hilo mara nyingi kwenye viwanja vya mikutano na chini ya mahema ya sherehe huku kwetu Tanga, kipaza sauti kikiwa mkononi, maana ushereheshaji ndiyo kazi yangu. Gari linasimama, vumbi halijatua, anashuka kiongozi ambaye umri wake ni wa kitinda mimba wangu. Mzee wa miaka sabini na ushei, aliyevaa kofia yake ya viua kwa ajili ya siku hiyo, anasogea mbele, anaupokea mkono wa kiongozi kwa mikono yake miwili na kusema, "Shikamoo, Mheshimiwa." Kijana anaitikia, "Marahaba, mzee wangu. Mnaendeleaje?" Jibu halisubiriwi. Macho yameshahamia kwa anayefuata kwenye mstari.

Simlaumu mzee. Ana mjukuu anayetafuta ajira, ana shamba lenye mgogoro wa mpaka, na maisha yamemfundisha kwamba mlango hufunguka upesi kwa anayeinama. Aliyenikera ni mwitikiaji. Marahaba ile ilimtoka kirahisi mno, na waliomzunguka, wengine wana wa mzee yuleyule, hawakuona kasoro yoyote. Kwa malezi niliyolelewa mimi, mtu mzima akikutangulia kwa shikamoo, uliona haya mpaka unatafuta pa kujificha, ukawahi kusema, "La, babu, shikamoo wewe!" Hukuthubutu kuipokea. Kuipokea ilikuwa utovu wa adabu, na habari zingefika nyumbani kabla yako.

Wengi hudhani shikamoo ilikuwa ya umri tangu hapo. Asili yake inayoelezwa ni "nashika miguu", na huku mwambao, enzi za utumwa, ilitumika pia kama salamu ya mtumwa kwa bwana wake. Aliyeitamka alijishusha mpaka miguuni pa mwenzake kwa maneno, na aliyeitikia marahaba alikubali kuwa juu. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Salamu hii ingeweza kufa pamoja nao, na pengine isingeliliwa na mtu. Badala yake, wajukuu wa watumwa na wajukuu wa mabwana waliendelea kuitumia, wakaipa kipimo kimoja tu kilichobaki: nani kamtangulia mwenziwe kuliona jua. Ndiyo maana mpaka leo muuza vitumbua wa Ngamiani huamkiwa na meneja wa benki aliyefuata kifungua kinywa, naye mama huitikia marahaba bila woga huku akigeuza vitumbua vyake. Hakuna aliyeuliza mshahara, ukoo wala rangi. Hakuna sheria iliyopitishwa wala tume iliyoundwa. Jamii nzima ilichukua salamu ya mwenye nguvu ikawapa wenye mvi, na mimi nalihesabu hilo miongoni mwa mambo makubwa tuliyowahi kuyafanya. Ndiyo sababu inaniuma kuiona ikirudishwa ilikotoka.

Kinachoirudisha huko ni matumizi yetu ya neno Mheshimiwa.

Neno lenyewe halina kosa, tena limeundwa vizuri. Mheshimiwa ni anayeheshimiwa, kwa hiyo lazima awepo mwingine anayeheshimu, sawa na vile mpendwa hawezi kuwapo bila anayempenda. Ni neno la kupewa. Na hiyo heshima tuliyoichukua kutoka Kiarabu, kwa wenyewe Waarabu, hishma, ni haya, staha, hali ya mtu kujizuia. Wazee wa pwani walilijua hilo bila kusoma kamusi. Mtu wa heshima kwao alikuwa yule anayepunguza sauti mbele za watu, anayekaa nyuma mpaka aitwe mbele, anayeona haya kudai.

Tazama pia barua za kale za mwambao, zile zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu. Mwandikiwa alimwagiwa sifa tangu mstari wa kwanza, akaitwa mpenzi, ndugu, mtukufu, akaombewa uzima na baraka, hata kama habari yenyewe ni deni la pishi mbili za mpunga. Mwandishi alijiweka chini kabisa ya karatasi: wakatabahu, na jina lake tupu. Heshima ilitoka kwa anayeandika ikaenda kwa anayeandikiwa. Siku hizi napigiwa simu kupewa kazi, na sauti inajitambulisha, "Ni Mheshimiwa fulani hapa naongea." Kila ninapoisikia sentensi hiyo nahisi kitu fulani kimevunjwa, na aliyekivunja hana habari.

Kuna mwanamke ambaye maisha yake yanaeleza jambo hili kuliko hoja zangu zote. Alizaliwa Fumba, Unguja, katika familia ya watumwa, akapewa jina la Mtumwa. Hilo ndilo lilikuwa jina lake la kuitwa. Alifinyanga na kuuza vyungu, akahamia mjini, akajifunza kuimba, na watu waliosikia sauti yake ndio waliomgeuza jina. Wakamwita Siti, yaani bibi, mwanamke mwenye hadhi. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili, na Shaaban Robert, mtoto wa Tanga hii, akaandika wasifu wake. Siti binti Saad hakujaza fomu ya kuomba cheo hicho. Alipewa na wasikilizaji, baadhi yao wakiwa watoto wa matajiri ambao miaka michache nyuma wangeweza kuwamiliki wazazi wake. Hivyo ndivyo neno la heshima linavyotakiwa kumfikia mtu.

Kabla ya kushika kipaza sauti nilikuwa karani wa masjala katika ofisi ya umma. Bahasha za kaki za nchi hii zilipita mikononi mwangu, na kwenye bahasha ndipo nilipoona mabadiliko. Tulipoanza kazi, kila bahasha iliandikwa Ndg., yaani Ndugu. Mkurugenzi alikuwa Ndg., mlinzi wa geti alikuwa Ndg., na mwananchi aliyeleta malalamiko ya kiwanja alijibiwa kwa Ndg. Neno hilo lilikuwa na mizizi. Ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU ilikuwa inawatamka binadamu wote kuwa ndugu, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimfunga kiongozi kwa miiko: asiwe na mishahara miwili, asimiliki nyumba za kupangisha, asiwe na hisa katika kampuni ya kibepari. Ndugu lilikuja na gharama kwa yule wa juu anayeitwa hivyo.

Sitaki kulipamba. Miaka ya themanini, tulipopanga foleni ya sukari na sabuni huku ndugu wengine wakipitia mlango wa nyuma, neno lilichacha mdomoni. Wapo wenye umri wangu ambao hadi leo wakiitwa Ndugu wanakumbuka duka la ushirika lenye rafu tupu, na nawaelewa. Lakini hata pale lilipotumiwa kwa unafiki, lilimpa mdogo haki ya kuuliza, maana ndugu huulizwa.

Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar lililegeza ile miiko, mwaka uliofuata vyama vingi vikarudi, na miaka hiyo bahasha zangu zikaanza kubadilika. Sisemi kikao cha Zanzibar kiliagiza tuitane waheshimiwa, nasema niliyoyaona mezani pangu. Mhe. ilitua kwanza kwa wabunge, ikashuka kwa madiwani, ikawafikia wakuu ambao hakuna mtu aliyewapigia kura, na mwishowe tukawa tunapokea vikaratasi vya kutukumbusha kwamba fulani naye siku hizi aandikwe Mhe. Ajabu ni kwamba chama tawala chenyewe hakijaliacha Ndugu. Kwenye vikao vyake huyohuyo anaitwa Ndugu asubuhi, na mchana, akishaingia kwenye gari la serikali, amekuwa Mheshimiwa. Kwa hiyo uwezo wa kuitana ndugu tunao bado. Tumeuacha uishie mlangoni pa ukumbi wa chama.

Nitaeleza msiba mmoja, kwa sababu msibani ndiko jambo hili linakoonekana bila pazia. Ulikuwa wilayani Muheza. Marehemu alikuwa mkunga mstaafu, na hema lilijaa watu wa rika zote ambao mikono yake ndiyo iliyowapokea duniani. Safu ya mbele walikaa wanawake wenzake wa wodini, wazee sasa, baadhi na fimbo, kanga zao za msiba zikiwa mabegani. Ratiba ilikuwa fupi na nzuri: ibada, wasifu, salamu chache, makaburini. Kisha akaja kijana wa itifaki na karatasi. Waheshimiwa walikuwa njiani.

Bibi wale waliondolewa. Waliombwa kwa upole, sikatai, "Mama zangu, naomba msogee kidogo pale," na pale palikuwa nje ya hema, kwenye jua la saa saba. Viti vyao vya plastiki vikabebwa, vikaletwa vyenye vitambaa. Tukasubiri. Wageni walipofika, kila aliyepewa nafasi ya salamu alianza kwa kuwataja wenzake mmoja mmoja kwa vyeo vyao, Mheshimiwa huyu, Mheshimiwa yule, na waheshimiwa wengine wote mliopo, itifaki imezingatiwa. Muda ukaliwa. Mchungaji alitazama saa yake, mtu wa familia akanijia na kunong'ona kwamba wasifu usomwe nusu. Kurasa zilizobaki zilikuwa na habari za miaka yake ya kutembea vijijini usiku kwa baiskeli, na za mama mmoja aliyemwokoa kwenye mafuriko. Zilikunjwa zikarudi mfukoni. Tulimzika mwanamke yule tukiwa tumesikia vyeo vya wageni mara nyingi kuliko tulivyosikia jina lake.

Hakuna mgeni hata mmoja aliyefanya hayo kwa ubaya. Wote walikuja kufariji. Lakini neno lilikuwa limewatengenezea njia ya kupita, na yeyote aliyekuwa kwenye njia hiyo alisogezwa.

Mwalimu Nyerere alitafsiri kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare inayomhusu Kaisari, ikachapishwa mwaka 1963, akairekebisha na kuitoa tena mwaka 1969. Walioisoma watakumbuka hotuba ya Antonio mbele ya maiti: anamsifu Bruto kuwa mtu wa heshima, anarudia, anarudia tena, mpaka umati wa Roma unaanza kulisikia neno hilo kwa maana iliyo kinyume. Antonio alifanya makusudi. Sisi tunafanya bila kukusudia, kila siku, kwenye kila redio, na wasikilizaji wa Tanga wana masikio sawa na ya watu wa Roma. Nawasikia vijana vibarazani wakimwita "mheshimiwa" mwenzao aliyekopa pesa akakataa kulipa. Wamelitoa wapi?

Angalia tunavyowakumbuka tuliowaheshimu kweli. Aliyeongoza nchi hii kuanzia uhuru hadi 1985 tunamwita Mwalimu, jina la kazi aliyoifanya Tabora na Pugu kabla ya siasa. Mwanamke aliyeiunganisha Dar es Salaam nyuma ya TANU alikuwa mbunge na waziri mdogo, lakini hata barabara yake imeandikwa Bibi Titi Mohamed. Ali Hassan Mwinyi alikaa Ikulu miaka kumi, na jina tulilompa kwa mapenzi ni Mzee Rukhsa, naye akalipokea mpaka akaliweka kwenye jalada la kitabu cha maisha yake. Sokoine, waziri mkuu aliyefariki barabarani mkoani Morogoro mwezi wa Aprili 1984, tunamtaja kwa jina moja tu na kila mtu anaelewa. Majina haya tuliwapa wakiwa hai au tuliwabakishia walipoondoka, na hakuna aliyelazimika kukumbushwa kwa kikaratasi.

Nasikia hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Cheo ni mali ya wananchi, wanasema, na kumwita mbunge Mheshimiwa ni kuiheshimu kura tuliyopiga. Nakubaliana nao bungeni, mahakamani na kwenye baraza la madiwani. Huko neno lina kazi ya kweli. Watu wanaopingana vikali wanalazimika kuitana waheshimiwa, na kulazimika huko kunazuia matusi. Anayetaka kumwambia mwenzake kwamba amekosea inabidi apite kwa Mheshimiwa Spika, amtaje mwenzake kwa heshima, ndipo amseme. Hasira inapata muda wa kupoa. Na jambo la msingi ni kwamba huko wote wanaitana hivyo: wa upinzani, wa chama tawala, waziri na asiye waziri.

Nje ya kuta hizo, neno linakwenda upande mmoja tu. Mama aliyesubiri dirishani tangu alfajiri anamwita aliye ndani Mheshimiwa, na aliye ndani anamwita "wewe mama mwenye kanga ya njano". Ana jina, liko kwenye karatasi aliyoishika mtumishi. Hilo nimelishuhudia kwenye ofisi zaidi ya moja, nami sioni sababu ya kuzitaja, maana kila msomaji ana ya kwake. Heshima isiyojibiwa ni kodi tu, na wanaoilipa ni walewale wasio na kitu kingine cha kutoa.

Nimemwona pia kiongozi aliyekataa kuipokea shikamoo ya mzee. Alikuwa kijana, kwenye mkutano wa kijiji upande wa Pangani, na mzee mmoja alipoanza "Shika..." alimdaka mikono kabla hajamaliza, akasema kwa sauti ya kusikika, "Babu, mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo." Mzee akacheka mpaka pengo likaonekana, "Marahaba, marahaba mjukuu wangu," na tangu hapo mkutano ule ulibadilika. Watu waliuliza maswali magumu ya mradi wa maji, kwa ukali hasa, naye akayajibu mengine na mengine akasema atakwenda kuyatafutia majibu. Hakupungukiwa na kitu. Wazee wa pale walipomsindikiza kwenye gari walimwita "mwanetu", na kwa masikio yangu hilo lilikuwa neno kubwa kuliko yote yaliyokuwa kwenye ratiba yangu.

Kwa hiyo nina maombi, na nayaelekeza kwa watu wanaoweza kuyatekeleza bila kusubiri waraka. Viongozi vijana, shikamoo ya mzee irudisheni papo hapo, hadharani, mbele ya wapambe wenu. Wapambe, acheni kuwasahihisha wananchi wanaosema "mbunge wetu" au "bwana mkubwa" au jina la mtu. Hakuna tusi hapo. Makarani wenzangu wa masjala na wa madirishani, Ndg. bado ni kifupisho halali cha barua za serikali, na majina ya watu yapo kwenye mafaili. Yasomeni. "Bi. Fulani binti Fulani, karibu dirisha la pili" inachukua muda uleule wa "wewe mama".

Na kwenu washereheshaji wenzangu: sisi ndio tunaoanza, na mzungumzaji wa kwanza akifuata mtindo wetu, wa pili atamfuata yeye. Mimi nimeamua utaratibu wangu, na wanaonialika nawaeleza kabla hatujapatana bei. Wageni wenye nyadhifa nitawataja mara moja, kwa jina na kazi wanayotufanyia: mbunge wa jimbo, diwani wa kata, mganga mkuu. Kabla yao nitawataja wenye shughuli na wazee waliopo, kwa majina yao mawili. Safu ya mbele nitaiuliza imekaliwa na nani kabla sijapokea karatasi yoyote ya kuibadilisha. Msibani, wasifu wa marehemu utasomwa wote, na salamu zitafuata kwa muda utakaobaki. Wapo waliosikia masharti haya wakatafuta mshereheshaji mwingine. Wengine wamekubali, na wiki ijayo nina harusi Korogwe ambayo mgeni rasmi wake ni bibi yake bwana harusi.